Mkoa, kaunti au wilaya: mifumo minne ya kuigawa nchi, na upi unaifaa hali yako

Kila katiba inapojadiliwa, au wananchi wa upande mmoja wa wilaya wanapoomba wakatwe wawe na wilaya yao, mabishano huishia kwenye ramani: mstari upite wapi, makao makuu yawe wapi, jina liwe lipi. Makala hii ni ya watu walio katikati ya mabishano hayo. Huenda wewe ni diwani uliyetumwa na wananchi wako uandike ombi la kugawa halmashauri, mwanachama wa asasi inayokusanya maoni ya katiba, mwalimu wa uraia, au mwananchi aliyechoka kusafiri siku nzima kufuata muhuri. Umesikia Kenya wana kaunti, Uganda kila kukicha wilaya mpya, Rwanda walipunguza badala ya kuongeza, na Tanzania tuna mikoa na wilaya zetu. Ufuate njia ipi?

Nalinganisha nchi hizo nne kwa sababu ni majirani na zote zilirithi kwa mkoloni utawala wa kuteuliwa kutoka juu, lakini katika miaka 40 iliyopita kila moja imeshika njia yake. Burundi na Kongo nitazigusa mwishoni, maana nako mistari imechorwa upya hivi karibuni.

Vigezo

Cha kwanza ni mpaka: nani ana mamlaka ya kuuchora, na kuubadilisha ni kazi kiasi gani. Cha pili ni mkuu wa eneo: anapatikanaje, na nani anaweza kumwondoa. Cha tatu ni fedha: zinatoka wapi, zinalindwa na sheria gani, nani anaamua zitumikeje. Cha nne nakiita mlango wa kwanza: ofisi iliyo karibu kabisa na mwananchi, anakochukua barua ya utambulisho na kupeleka ugomvi wa mpaka wa shamba, na kama anayekaa humo amechaguliwa au amewekwa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Vigezo hivi havina uzito sawa. Cha pili na cha tatu ndivyo vinavyoamua kama maisha yatabadilika. Wilaya mpya yenye mkuu wa kuteuliwa kama wa zamani, na bajeti ileile iliyokatwa vipande viwili, huwaachia watu kibao kipya barabarani. Lakini wanaoanza na mpaka na umbali nao wana haki ya kusikilizwa, hasa kule ambako kwenda makao makuu na kurudi ni safari ya kulala njiani.

Kwanza hesabu. Kwa kila nchi nimechukua ngazi kuu yenye baraza na bajeti yake, nikagawanya idadi ya watu wa sensa ya karibuni na ukubwa wa nchi kavu. Ni wastani tu.

| Nchi | Ngazi | Idadi | Watu kwa kila moja | Kilomita za mraba |
|---|---|---|---|---|
| Tanzania Bara | halmashauri | 184 | karibu 325,000 | karibu 4,800 |
| Kenya | kaunti | 47 | karibu milioni 1 | karibu 12,000 |
| Uganda | wilaya pamoja na Kampala | 136 | karibu 340,000 | karibu 1,500 |
| Rwanda | akarere (wilaya), zikiwamo 3 za Kigali zisizojitegemea tena | 30 | karibu 440,000 | chini ya 900 |

Tazama Kenya na Uganda. Idadi ya watu inakaribiana, Kenya milioni 47.6 katika sensa ya 2019 na Uganda milioni 45.9 katika ile ya 2024, lakini moja imejigawa mara 47 na nyingine mara 136, bila kuhesabu majiji ya Uganda yaliyopewa hadhi kuanzia 2020. Kisha tazama Tanzania na Uganda. Kwa watu, halmashauri ya kawaida ya Tanzania na wilaya ya kawaida ya Uganda ziko karibu sawa. Kwa ardhi, ya Tanzania ni mara tatu. Kwa hiyo anayesema Uganda wamezidisha wilaya na anayesema wilaya za Tanzania ni kubwa mno wanaweza kuwa sahihi wote wawili.

Tanzania: wateule wa Rais pembeni ya baraza la kuchaguliwa

*Mpaka.* Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kuigawa Jamhuri katika mikoa, wilaya na maeneo mengine kwa kufuata utaratibu wa sheria. Faida yake ni wepesi. Mwaka 2012 Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilikuwa mikoa, na 2016 Songwe ikatoka Mbeya. Leo mikoa ni 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Wepesi huohuo hukata pande zote mbili: Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji, na wakazi hawakupigiwa kura ya kuulizwa. Wazee wanakumbuka kubwa zaidi. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zenyewe zilifutwa, na za wilaya hazikurudi mpaka sheria za 1982. Leo zimetajwa katika ibara za 145 na 146, kwa hiyo kuzifuta tena si kazi rahisi, ingawa kuzigawa, kuziunganisha na kuzipandisha hadhi bado ni uamuzi wa juu.

*Mkuu wa eneo.* Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri wote ni wateule wa Rais. Madiwani wamechaguliwa, wanamchagua mwenyekiti au meya wao, wanapitisha bajeti na sheria ndogo. Lakini mtendaji mkuu wa halmashauri yao hawakumwajiri wao. Baraza likigombana na mkurugenzi, mwamuzi yuko juu, si kwa wapiga kura wa wilaya. Hapo ndipo mfumo huu unaponitia wasiwasi zaidi. Hata hivyo una neema ambayo Watanzania tumeizoea mpaka hatuioni: mkuu wa wilaya aliyezaliwa Mtwara anaapishwa kwenda Kagera na hakuna anayeuliza kabila lake. Mkoa haujawa mali ya jamii moja.

*Fedha.* Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka Hazina. Halmashauri inakusanya ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni, masoko na stendi. Vyanzo vimepungua kadiri miaka inavyopita. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) 2016, na tangu 2021 inakatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU. Halmashauri yenye mgodi au kiwanda kikubwa inapumua. Ya wafugaji na wakulima wadogo inasubiri ruzuku. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Ni jambo zuri, ila asilimia 10 ya makusanyo madogo ni kidogo.

*Mlango wa kwanza.* Hapa ndipo Tanzania Bara inapowazidi majirani wengi. Vijiji zaidi ya 12,000 vina hadhi ya kisheria. Kila kimoja kina mkutano mkuu wa watu wazima wote wakazi, halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na mwenyekiti wa kuchaguliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inakipa kijiji usimamizi wa ardhi yake, na mgawo wa ardhi ulioamuliwa na halmashauri ya kijiji unahitaji ridhaa ya mkutano mkuu. Vijiji vimewahi kuburuzwa, hilo linajulikana, lakini mwanakijiji anayeijua sheria ana mahali pa kusimama. Mjini kuna mwenyekiti wa mtaa, naye wa kuchaguliwa, akifanya kazi na mtendaji ambaye ni mwajiriwa. Zanzibar ni tofauti: ngazi ya chini ni shehia, na sheha huteuliwa.

Mfumo huu unawafaa wanaoweka umoja wa nchi mbele, na wakulima na wafugaji ambao mali yao kubwa ni ardhi ya kijiji. Utamkera anayetaka kumpigia kura, au kumnyima kura, yule anayeshika kalamu ya bajeti ya wilaya.

Kenya: serikali 47 zenye kinga ya katiba

*Mpaka.* Kenya ilifunga mlango. Kaunti zimeorodheshwa ndani ya Katiba ya 2010. Ili mpaka wa kaunti usogee, ibara ya 188 inataka pendekezo la tume huru, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Ukali huo una historia. Sheria ya 1992 ilizitambua wilaya 47, lakini wilaya mpya ziliendelea kutangazwa, nyingine majukwaani, mpaka Mahakama Kuu ikatamka 2009 kwamba hizo za baadaye ziliundwa kinyume cha sheria. Katiba ikarudi kwenye zile 47.

Ugumu huo unalinda na unabana. Mvutano wa Maseno kati ya Kisumu na Vihiga, na wa Mackinnon Road kati ya Kwale na Taita Taveta, umedumu miaka, na kiini chake si sifa ya ramani bali nani akusanye ada za soko na za biashara. Tena kaunti hazilingani hata kidogo. Katika sensa ya 2019 Lamu ilikuwa na watu 143,920 na Nairobi 4,397,073, na kila moja ina gavana mmoja na seneta mmoja wa kuchaguliwa. Mkazi wa Lamu ataona hiyo ni haki ya mdogo. Mkazi wa Nairobi ana haki ya kulalamika.

*Mkuu wa eneo.* Gavana anachaguliwa moja kwa moja kwa miaka mitano, asizidi mihula miwili. Bunge la kaunti linaweza kupitisha hoja ya kumwondoa, Seneti ikasikiliza na kuamua. Hii si sheria ya kabatini. Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza kupigiwa kura hiyo, 2014, kisha mahakama ikamrudisha ofisini. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondoka 2020. Seneti iliidhinisha kumwondoa Kawira Mwangaza wa Meru 2024. Wapo wanaosema hoja hizi hutumiwa na wawakilishi wa wadi kumbana gavana awape wanachotaka, na mara nyingine ni kweli. Bado napendelea nchi ambayo mkuu wa eneo anaweza kuitwa mbele ya watu ajibu mashtaka yake mchana kweupe.

*Fedha.* Ibara ya 203 inazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya serikali ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Angalia sana maneno hayo ya mwisho: ukaguzi ukichelewa, asilimia inahesabiwa juu ya mapato ya miaka ya nyuma. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 mgao wa kaunti zote ulikuwa shilingi bilioni 415. Namna ya kugawana kati yao hupitishwa na Seneti baada ya mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato, na 2020 maseneta walikwama kikao baada ya kikao kabla ya kukubaliana. Fedha zenyewe mara nyingi zinachelewa kufika, na wafanyakazi wa kaunti wanakaa bila mshahara. Pamoja na hayo, Wajir, mji uliosahaulika tangu ukoloni, ulipata lami yake ya kwanza baada ya ugatuzi. Kwa watu wa kaskazini hoja imeishia hapo.

Afya iligatuliwa, na hapo maumivu yalionekana. Mgomo wa madaktari wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, uliwaacha wagonjwa katikati ya serikali mbili, kila moja ikimtazama mwenzake alipe.

*Mlango wa kwanza.* Wadi ni 1,450, kila moja na mwakilishi wake wa kuchaguliwa katika bunge la kaunti. Chini ya wadi hakuna kiongozi wa kuchaguliwa. Barua ya kitambulisho bado inatoka kwa chifu, ambaye ni mtumishi wa serikali ya taifa chini ya kamishna wa kaunti. Kwa hiyo mwananchi ana milango miwili: zahanati na maji aulize kaunti, kitambulisho na usalama aende kwa chifu. Wengi hawajui lipi ni la nani, na wanasiasa hawana haraka ya kuwaeleza.

Unamfaa anayetoka eneo lililonyimwa kwa miongo, mwenye jamii kubwa ya kutosha kushinda uchaguzi wa kaunti yake. Kwa jamii ndogo ndani ya kaunti ya wengine, mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi, na kuwepo kwa kifungu hicho kunaonyesha hofu ilivyokuwa.

Uganda: wilaya karibu na kila mtu

*Mpaka.* Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Kufikia 2010 zilikuwa 112 pamoja na Kampala, na kufikia 2020 zilikuwa 135 bila Kampala. Ibara ya 179 ya Katiba ya 1995 inaliachia Bunge uamuzi kwa wingi wa wabunge wote, kwa lengo la utawala bora na kusogeza huduma. Inaruhusu pia zizingatiwe njia za mawasiliano, msongamano wa watu, uwezo wa kiuchumi na matakwa ya wenyeji. Matakwa ya wenyeji ndiyo yaliyopata uzito. Kotido, kule Karamoja, ilizaa Kaabong na Abim, kisha Kaabong ikazaa Karenga. Kuna jambo jingine linalosukuma gurudumu hili: katiba inaipa kila wilaya mbunge mmoja mwanamke, kwa hiyo wilaya mpya ni kiti kipya bungeni, pamoja na mwenyekiti mpya, baraza jipya, magari na ofisi. Mwanasiasa gani atapinga?

*Mkuu wa eneo.* Mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, anachaguliwa na wananchi wote wa wilaya. Pembeni yake yuko RDC, kamishna mkazi wa wilaya, mteule wa Rais. Afisa mkuu wa utawala wa wilaya hapo mwanzo aliajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya yenyewe, lakini marekebisho ya katiba ya 2005 yakaipeleka kazi hiyo serikali kuu. Atakayependekeza halmashauri za Tanzania zijiajirie wakurugenzi asome kwanza kisa hiki. Lawama za kuajiriana kwa undugu zilikuwapo, na tiba iliyochaguliwa ilikuwa kurudisha mamlaka Kampala. Kampala yenyewe, kwa sheria ya 2010, ina meya wa kuchaguliwa na mkurugenzi mtendaji wa kuteuliwa, na wawili hao waligombana vibaya miaka ya mwanzo.

*Fedha.* Katika maeneo ya vijijini sheria inaibakizia ngazi ya LC3, baraza lililo chini ya wilaya, asilimia 65 ya mapato inayokusanya. Kwa karatasi ni ugatuzi wa kupigiwa mfano. Lakini kodi ya kichwa, iliyokuwa chanzo kikubwa, iliondolewa 2005, na kilichobaki kinagawanywa kwa wilaya nyingi zaidi kila muongo. Wilaya sasa zinategemea ruzuku ambayo matumizi yake yamepangwa juu. Tangu 2022 serikali kuu imeanza kupeleka shilingi milioni 100 za Uganda kwa kila parishi (ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji) kwa mwaka, moja kwa moja kwa vikundi vya wananchi.

*Mlango wa kwanza.* LC1 ni ya kijiji: barua, ugomvi mdogo, utambulisho wa mgeni. Kamati hizi zilianza kama mabaraza ya wananchi wakati wa vita vya msituni, na zimeota mizizi. Ila baada ya 2001 hazikuchaguliwa tena mpaka Julai 2018, watu wakipanga foleni nyuma ya mgombea wao. Miaka 17 ni mingi kwa kiongozi kukaa bila kuulizwa.

Unazifaa jamii ndogo zilizochoka kumezwa na jirani mkubwa, na maeneo ya pembezoni ambako kuonekana tu kwenye ramani ni ushindi. Hauwafai wanaotarajia wilaya ijitegemee kwa mapato yake.

Rwanda: wachache, wenye mkataba

*Mpaka.* Rwanda ilikwenda kinyume na Uganda. Tarehe 1 Januari 2006 ilipunguza majimbo kutoka 12 hadi 5, likiwamo Jiji la Kigali, na wilaya kutoka 106 hadi 30. Chini yake kuna imirenge 416 (umurenge ni kama kata), utugari 2,148, ngazi iliyo kati ya umurenge na kijiji, na vijiji 14,837. Hata majina yalibadilishwa: Butare ikawa Huye, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu. Muundo wa zamani, kutoka jimbo hadi ngazi ya chini, ulitumika kupanga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na nchi haikutaka kuendelea kuishi ndani yake. Mabadiliko yalikuja kwa sheria, haraka, na kwa nchi nzima kwa wakati mmoja.

*Mkuu wa eneo.* Meya wa wilaya hachaguliwi moja kwa moja na wananchi wote. Anapatikana kupitia baraza. Kila mwaka anatia saini imihigo, mkataba wa utendaji kazi mbele ya Rais, wenye malengo yanayopimika: madarasa mangapi, kaya ngapi zimepata umeme. Wilaya hupimwa kwa alama. Wanaoshindwa huondoka, na baraza pia linaweza kwenda nao: 2023 baraza zima la wilaya ya Rutsiro lilivunjwa. Sijaona nchi nyingine ya kanda hii inayomdai mkuu wa wilaya matokeo kwa ukali kama huu. Anayemdai, hata hivyo, yuko juu kuliko chini, na mwananchi asiyekubaliana na malengo yenyewe hana njia nyingi.

*Fedha.* Sehemu kubwa inatoka serikali kuu ikiwa imepangiwa kazi. Wilaya zina kodi zao, na mamlaka ya mapato ya taifa inazikusanya kwa niaba yao. Wilaya tatu za Kigali zilipoteza hadhi ya kujitegemea 2019, kazi zao zikachukuliwa na jiji.

*Mlango wa kwanza.* Nguvu ya Rwanda iko umurenge. Ndoa zinafungwa hapo, huduma nyingi za kiraia zinapatikana hapo, na tangu 2009 kila umurenge ulianzishiwa chama cha akiba na mikopo. Chini zaidi, umudugudu, yaani kijiji, ndiko watu wanakokutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii.

Kumbuka tu ukubwa. Rwanda nzima ni kama theluthi ya Mkoa wa Tabora. Mfumo wake unaifaa nchi ndogo yenye watu wengi, na mtu anayejali zaidi kazi ikamilike kuliko nani aliipigia kura. Kuubeba mzima hadi Tabora au Turkana ni kusahau kwamba nusu ya mafanikio yake ni ukaribu.

Burundi na Kongo

Burundi sasa imefuata mkondo wa Rwanda: kwa sheria ya 2023, iliyotekelezwa 2025, mikoa imepungua kutoka 18 hadi 5 na komuni kutoka 119 hadi 42. Kongo ilifanya kinyume. Mwaka 2015 majimbo yaliongezeka kutoka 11 hadi 26, na Katanga ikawa nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katiba ya Kongo inayaahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, na ahadi hiyo haijatekelezwa kikamilifu. Jimbo la migodi kama Lualaba liliweza kusimama. Haut-Lomami ilitenganishwa na migodi hiyo.

Kwa hali yako

Kama kilio chenu ni umbali, andikeni kwanza ni huduma gani inawasafirisha. Ikiwa ni vyeti na mihuri, mfano wa umurenge unawatosha: ombeni huduma ishushwe hadi tarafa au kata, bila kusubiri mstari mpya. Ikiwa ni hospitali, ombi la halmashauri mpya lina mantiki Tanzania, kwa kuwa sera inalenga kila halmashauri iwe na hospitali yake. Hakikisheni pia makao makuu yanakaa ndani ya eneo. Mwaka 2019 halmashauri kadhaa za wilaya zilizokuwa na ofisi mjini, kwenye eneo la halmashauri nyingine, ziliagizwa zihame, na wananchi wake walikuwa wamesubiri miaka.

Kama kilio ni kunyimwa fedha, wilaya mpya haitawatibu. Kinachotibu ni kiwango kilichoandikwa kwenye katiba, kama ibara ya 203 ya Kenya. Mkikiombea, ongezeni mambo mawili ambayo Wakenya wamejifunza kwa taabu: kihesabiwe kwa mapato ya mwaka wa karibuni, na kiwe na tarehe ya kufika.

Kama ninyi ni jamii ndogo ndani ya kubwa, pimeni mnachokihofia. Mkihofia kusahaulika, njia ya Uganda inawapa jina, baraza na mbunge. Mkihofia kubaguliwa katika ajira na ardhi, mkoa mchanganyiko wa Tanzania, au kaunti yenye kifungu cha asilimia 30 kinachosimamiwa kweli, utawalinda zaidi kuliko wilaya yenu ndogo, ambayo ndani yake itakuwa na wachache wengine.

Kama mnagombania ardhi ya kijiji, msikubali mageuzi yoyote yanayopunguza nguvu ya mkutano mkuu, hata yakija na ahadi ya gavana wa kuchaguliwa. Kaunti ya Kenya haina chombo cha kijiji chenye nguvu hiyo.

Kama unaandika maoni ya katiba, si lazima uchukue mfumo mzima. Unaweza kuacha mikoa kama ilivyo na ukataka mkuu wa wilaya achaguliwe, au awe na muda maalumu na njia ya baraza kumwondoa. Unaweza kutaka mkurugenzi aajiriwe kwa ushindani na tume huru ya utumishi wa serikali za mitaa, si baraza peke yake na si Ikulu peke yake. Unaweza kutaka mipaka ibadilike kwa kura ya wakazi wa pande zote mbili, ikiwa ni ngumu kuliko Uganda na nyepesi kuliko Kenya.

Na kama wewe ndiye diwani uliyetumwa kuandika ombi la kugawa halmashauri, omba kwa mkurugenzi taarifa za mapato ya ndani za miaka mitatu, kata kwa kata. Jumlisha za upande wenu. Toa asilimia 10 ya mikopo, toa posho za vikao vya madiwani, toa mafuta ya magari. Kinachobaki kisome mbele ya mkutano wa hadhara kabla watu hawajanyoosha mikono.